Mwaka wa Ishirini wa Bao Dai

Mei 2017, mjini Geneva, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza saa moja ya mkononi kwa faranga za Uswisi 5,066,000, sawa na dola za Marekani milioni tano na ushei. Ni Rolex ya dhahabu, toleo namba 6062, yenye upana wa milimita 36 tu. Uso wake ni mweusi. Kwenye saa za namba shufwa zimepachikwa almasi badala ya tarakimu, na chini, penye sita, kuna kidirisha kinachoonyesha mwezi ukikua na kupungua. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tungeiita almasi ya juu kabisa saa sita, lakini hata kwa hesabu yetu shufwa ingebaki shufwa. Kabla ya siku hiyo hakuna Rolex iliyokuwa imeuzwa mnadani kwa bei kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 2002 kampuni hiyohiyo iliwahi kuiuza saa hiyohiyo kwa takriban dola 235,000. Katika miaka 15 bei ilipanda zaidi ya mara 20. Dhahabu haikuongezeka hata chembe, wala almasi hazikuzaa. Uadimu wake ulijulikana tangu awali: wakusanyaji wa saa wanazijua tatu tu za toleo hilo zenye uso mweusi na almasi. Kilichozidi kunona ni jina. Saa hii huitwa Bao Dai, kwa jina la mfalme wa mwisho wa Vietnam.

Hata hivyo, “Bao Dai” halikuwa jina la kuzaliwa. Lilikuwa jina la zama. Kwa desturi ya ukoo wa Nguyen, mfalme alipotawazwa alichagua jina la utawala wake, na miaka ikahesabiwa kwa jina hilo. Yeye alitawazwa mwaka 1926 akiwa na umri wa miaka 12, na nyaraka za kasri la Hue zikauita mwaka huo wa kwanza wa Bao Dai. Mbele ya kasri kuna lango kubwa liitwalo Ngo Mon, jina lenye maana ya adhuhuri na ya kusini. Hapo ndipo ilipofanyika sherehe ya kutoa kalenda ya mwaka mpya kwa niaba ya mfalme. Kutawala kulikuwa pamoja na kuwaambia watu leo ni siku gani.

Basi fikiria mwaka 1945, ambao kwa hesabu ya kasri ulikuwa wa ishirini wa Bao Dai. Ufaransa ilikuwa imeitawala nchi kwa miongo mingi huku mfalme akibaki pambo. Machi, Wajapani waliwapindua Wafaransa. Kaskazini njaa ilikuwa ikiua watu kwa idadi ambayo wanahistoria huikadiria kuanzia laki kadhaa hadi milioni mbili. Agosti, Japani ikashindwa vita na Viet Minh wakainuka. Tarehe 30 Agosti, juu ya lango lilelile la Ngo Mon, Bao Dai aliwakabidhi wajumbe wa serikali ya mapinduzi muhuri wa dhahabu na upanga. Katika tamko lake la kujiuzulu alisema kwamba ni heri kuwa raia wa kawaida katika nchi huru kuliko kuwa mfalme wa nchi iliyo utumwani. Lango lililokuwa likitoa miaka lilishuhudia miaka ya mfalme ikikoma.

Laiti angeishia hapo, huenda historia ingemtazama kwa jicho la upole zaidi. Lakini mwaka 1949 Wafaransa walimrudisha kuwa mkuu wa dola waliyokuwa wakiitegemea dhidi ya Ho Chi Minh, na muda mwingi wa vita akawa mbali na nchi yake. Tarehe 7 Mei 1954 ngome ya Dien Bien Phu ilianguka. Kesho yake, mkutano wa Geneva ukaanza kuijadili Indochina. Wapigamnada wanasimulia kwamba ilikuwa katika majira hayo ya mkutano ambapo Bao Dai aliingia katika duka moja la Geneva, akaomba Rolex adimu na ya thamani kuliko zote, akaletewa hii.

Saa haikuwa kifaa cha pekee cha kupima wakati kilichokuwa na kazi ngumu mjini humo. Waziri mkuu wa Ufaransa, Pierre Mendès France, alikuwa ameahidi kujiuzulu iwapo makubaliano hayangepatikana kufikia tarehe 20 Julai. Usiku wa manane ulipofika mazungumzo yakiwa hayajakamilika, saa za ukumbini zilisimamishwa. Hati zilitiwa saini alfajiri ya tarehe 21 zikiwa na tarehe ya jana yake. Vietnam ikagawanywa kwenye latitudo ya 17. Serikali ya Bao Dai ilipinga na haikutia saini. Mwenye mamlaka ya kusimamisha wakati sasa alikuwa mtu mwingine kabisa.

Oktoba 1955 Ngo Dinh Diem, waziri mkuu aliyeteuliwa na Bao Dai mwenyewe, aliitisha kura ya maoni ya kumwondoa na kujitangazia asilimia 98.2. Mjini Saigon kura zilizohesabiwa zilizidi idadi ya wapigakura walioandikishwa. Bao Dai alibaki Ufaransa hadi alipofariki mwaka 1997.

Na ule muhuri? Ulikuwa umetengenezwa mwaka 1823, dhahabu ya zaidi ya kilo kumi. Baadaye ulirudi mikononi mwa Bao Dai na kupelekwa ughaibuni. Mwaka 2022 ulitangazwa kuuzwa kwa mnada mjini Paris. Serikali ya Vietnam iliingilia kati, mnada ukasitishwa, na mfanyabiashara wa Kivietnam akaununua kwa euro milioni 6.1. Novemba 2023 ulirudi nyumbani.

Hakuna serikali iliyoidai saa, na sidhani kwamba ilipaswa. Muhuri ulikuwa wa dola. Saa ilikuwa ya mtu. Ninachokipinga ni kufanya historia kuwa kionjo cha bei. Katika lugha ya mnada, “mfalme wa mwisho” ni maneno matamu: yanafanya anguko lionekane kama uadimu mwingine, sawa na almasi kwenye namba shufwa. Walioikimbia njaa ya mwaka 1945 na waliovuka latitudo ya 17 na mafurushi kichwani hawamo katika utamu huo, ilhali bila wao hakuna “wa mwisho” wa kuuzwa.

Kalenda ya saa hiyo haijui urefu wa miezi. Kila mwezi wenye siku pungufu ya 31 unapokwisha, mwenye saa hana budi kuirekebisha tarehe kwa mkono, mara tano kwa mwaka. Isipofanyiwa hivyo, husonga mbele ikionyesha siku isiyokuwapo.