Bando limekata? Ijue eduroam, Wi-Fi ya vyuo

Kwa mwanafunzi anayekaa hosteli, bando halichukui muda kuisha: video za masomo, vitabu, kazi za kutuma mtandaoni. Kama chuo kimejiunga na eduroam, kuna nafuu.

Ni nini?
Ni mtandao wa Wi-Fi wa vyuo na taasisi za utafiti, ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa upo katika nchi zaidi ya 100. Kenya unasimamiwa na KENET, Uganda na RENU.

Unaingiaje?
Unatumia akaunti ya chuo chako, hata ukiwa chuo kingine. Nenosiri linakaguliwa na chuo chako, si kile ulichotembelea. Ndiyo maana jina huandikwa lote, pamoja na @ na anwani ya chuo. Ukiiacha, mtandao haujui wakuulizie wapi.

Kuwa makini
Eduroam halisi haikufungulii ukurasa wa kuomba nenosiri. Ukiuona, toka haraka: mara nyingi nenosiri hilohilo ndilo linalofungua barua pepe na matokeo yako.

Kabla ya kusafiri, pita ofisi ya TEHAMA ya chuo wakuwekee mipangilio sahihi kwenye simu.