Kutoka Minamata hadi Rodamini: Vitambuzi vya Floresensi na Historia ya Kuitafuta Zebaki

Historia ya vitambuzi vya floresensi aghalabu huandikwa na wanakemia, nao huianzia maabarani. Kuhusu zebaki, ni sahihi zaidi kuianzia Minamata, kusini-magharibi mwa Japani, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitengeneza asetaldehidi kuanzia mwaka 1932 kwa kutumia zebaki kama kichocheo. Maji machafu yalielekezwa baharini. Tarehe 1 Mei 1956, Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, aliiarifu ofisi ya afya juu ya wagonjwa waliodhurika mishipa ya fahamu bila sababu kujulikana. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto waliitaja zebaki ya kikaboni kuwa kisababishi. Mwaka huohuo paka aliyelishwa na Hosokawa chakula kilichotiwa maji machafu ya kiwanda aliugua vivyo hivyo, na matokeo hayo yakafichwa. Serikali ilikiri Septemba 1968, miezi michache baada ya kiwanda kuuacha utaratibu ule. Katika miaka hiyo tisa ushahidi ulikuwapo. Wavuvi na jamaa zao ndio hawakuwa na njia ya kujipimia wenyewe.

Elimu ya nuru yenyewe ilikuwa kongwe. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza jinsi mmumunyo wa kwinini unavyopokea miale isiyoonekana na kutoa nuru ya buluu, naye ndiye aliyelibuni jina la floresensi. Mwaka 1867 Friedrich Goppelsröder alitumia morini, rangi itokayo katika mti, kuitambua alumini kwa mng'ao.

Zebaki haikukubali kwa wepesi huo. Atomi yake nzito huelekea kuizima nuru ya rangi iliyoshikamana nayo, hivyo vitambuzi vingi vya awali vilisomwa kwa kufifia. Dalili ya namna hiyo haitegemeki nje ya maabara, kwa kuwa tope la mto nalo hufifisha. Njia ilifunguka mwaka 1997, Anthony Czarnik na wenzake walipotumia rodamini iliyofungwa pete: ikiwa imefungwa haina rangi wala nuru, shaba iliyomo majini ikiifungua, vyote viwili hutokea. Mwaka 2005 watafiti wa Korea Kusini waliirekebisha rodamini kwa kuitia salfa, ambayo zebaki huivuta kwa nguvu mno. Zebaki huing'oa salfa hiyo, pete hufunguka, na maji hugeuka rangi ya waridi mbele ya macho. Badiliko hilo halirudi nyuma. Kila kitambuzi hutumika mara moja tu.

Hapa ndipo pana jambo linalowahusu washauri wa sera wa ukanda huu. Kandokando ya Ziwa Victoria, Geita nchini Tanzania na Migori nchini Kenya, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mawe yaliyosagwa ili kuinasa dhahabu, kisha huichoma zebaki ipae. Kitambuzi cha rodamini hujibu ioni za zebaki zilizomo majini. Mvuke unaovutwa na mchomaji haukioni. Wala kipimo cha maji hakielezi kiasi cha zebaki ya methili, ambayo bakteria huitengeneza katika matope na ambayo hulimbikizana katika samaki hata pale ambapo maji yenyewe hayavuki kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni kwa lita. Waathirika wa Minamata walidhurika kwa kula samaki.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa kiwango kisicho haba kuandaa mipango ya kitaifa. Ni rahisi kwa mpango kama huo kununua vitambuzi vya maji na kuishia hapo. Samaki hachovywi kitambuzi: nyama yake huyeyushwa kwanza kwa asidi ili zebaki igeuke ioni, kazi isiyofanyika mwaloni.