Tuzo za Emmy: sanamu ya dhahabu, mifuko mitupu

TUZO za Emmy, zinazohesabiwa kuwa za juu kabisa katika televisheni nchini Marekani, zilitolewa kwa mara ya kwanza Januari 25, 1949, mjini Los Angeles. Washindi huchaguliwa kwa kura za wanataaluma wenyewe, wala si watazamaji, na kwa kuwa hakuna mpiga kura awezaye kutazama mamia ya vipindi vinavyoshindanishwa kila mwaka, kampuni zenye fedha hujaza mabango barabarani kumkumbusha vya kwao.

Manung'uniko ya ubaguzi wa rangi ni ya siku nyingi. Harry Belafonte, aliyeimba "Malaika" pamoja na Miriam Makeba katika albamu ya mwaka 1965, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuitwaa Emmy, mwaka 1960. Mwaka 1966 Bill Cosby akashinda kama mwigizaji mkuu wa kiume wa tamthilia. Kwa upande wa wanawake, hakuna mweusi aliyeipata tuzo kama hiyo hadi Septemba 2015, alipoitwa Viola Davis. Davis alisema jukwaani kwamba hakuna anayeweza kushinda kwa nafasi ambazo hazijaandikwa.

Hata pale nafasi zilipoandikwa, kura hazikufuata. Tamthilia ya The Wire, iliyohusu maisha ya Baltimore na kuwa na waigizaji wengi weusi, ilirushwa na HBO kuanzia 2002 hadi 2008. Iliteuliwa mara mbili tu, zote kwa uandishi, na haikupata hata tuzo moja. Leo ni vigumu kutaja tamthilia bora za Marekani bila kuitaja hiyo. Mwaka 2021, licha ya walioteuliwa kuwa wa asili nyingi kuliko miaka iliyotangulia, tuzo zote 12 za uigizaji katika hafla kuu zilikwenda kwa wazungu.

Usiku huo huo Michaela Coel, Mwingereza mwenye wazazi kutoka Ghana, alishinda tuzo ya uandishi kwa I May Destroy You. Kabla ya hapo alikuwa ameikataa dola milioni 1 ya Netflix kwa kuwa kampuni hiyo haikukubali abaki na sehemu yoyote ya hakimiliki, hata nusu ya asilimia moja.

Hwang Dong-hyuk wa Korea Kusini hakuwa na ujasiri huo, au pengine hakuwa na nafasi ya kuchagua. Squid Game yake iligharimu takriban dola milioni 21.4, na nyaraka za ndani za Netflix zilizoripotiwa na shirika la habari la Bloomberg mwaka 2021 ziliikadiria thamani yake kuwa karibu dola milioni 900. Septemba 2022 Hwang akashinda Emmy ya uongozaji. Hata hivyo, mkataba haukumpa bonasi, na mwaka 2024 alisema wazi kuwa fedha ndizo zilizomrudisha kutengeneza sehemu ya pili.

Wa chini yake wana hali mbaya zaidi. Machi 2023 Alex O'Keefe, mmoja wa waandishi wa The Bear, alipokea tuzo ya chama cha waandishi akiwa amevaa tai ya kipepeo aliyoinunua kwa mkopo, na akaunti yake ya benki ikiwa na deni.

Mei 2 mwaka huo waandishi waligoma, na Julai wakafuatwa na waigizaji. Hafla ya Emmy ya Septemba ikasogezwa hadi Januari 15, 2024, ambapo The Bear ilitangazwa kuwa kichekesho bora.

Mgomo wa waandishi ulidumu siku 148. Mkataba uliowarejesha kazini uliwapa bonasi pale kipindi cha mtandaoni kinapotazamwa na kiasi cha angalau asilimia 20 ya wateja wa ndani ya nchi katika siku 90 za mwanzo. Kisichofika hapo hakipati bonasi hiyo, hata kikitwaa Emmy.