Kujaribu programu huria kwa kujitolea: Uanzie wapi?

Si lazima ujue kuandika programu za kompyuta ili usaidie kuziboresha. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, na nyingi hutegemea watu wanaojitolea kuzijaribu kabla hazijawafikia watumiaji wa kawaida. Katika makala hii tunaeleza kazi hiyo inavyoanza na kinachoifanya iwe na manufaa. Tunatumia mfano wa LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi unaopatikana bila malipo.

Kwa nini wajaribu wanahitajika?

LibreOffice ilianza Septemba 2010, pale sehemu ya wachangiaji wa OpenOffice.org walipojitenga na kuunda The Document Foundation, taasisi yenye makao yake Berlin, Ujerumani. Kiswahili kina historia katika ukoo huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org.

Watengenezaji wa programu hawana kila aina ya printa, kila kompyuta kuukuu wala kila lugha. Karani anayefungua barua iliyoandikwa kwa Microsoft Word katika kompyuta ya zamani anaweza kuona kasoro ambayo wao hawajawahi kukutana nayo. Asiposema, kasoro hiyo itabaki.

Msimbo kuwa wazi hakumaanishi kwamba kuna mtu ameukagua. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Kasoro hiyo ilikuwamo katika matoleo yaliyosambazwa tangu Machi 2012. Kwa miaka miwili msimbo ulikuwa mbele ya macho ya wote.

Kabla ya kuanza

Kwanza, linda kazi zako. Toleo la majaribio linaweza kuharibu faili, kwa hiyo fanyia majaribio nakala, kamwe si faili halisi la pekee. Matoleo ya LibreOffice yanayotengenezwa kila siku huitwa LibreOfficeDev na hukaa kando ya toleo lako la kawaida bila kulifuta. Matoleo ya mwisho ya majaribio, yanayotoka muda mfupi kabla ya toleo rasmi, yanaweza kuchukua nafasi ya lile ulilo nalo.

Pili, angalia bando lako. Faili la kusakinisha LibreOffice kwenye Windows lina zaidi ya megabaiti 300. Chagua toleo moja ulijaribu vizuri badala ya kupakua kila linalotoka.

Tatu, fanya kazi zako za kila siku. Andika barua, piga hesabu za matumizi, chapisha, hifadhi, kisha fungua tena. Mtu anayeijua kazi yake hugundua haraka kitu kikienda kombo.

Ripoti inayosaidia

Hapa ndipo wengi hukwama. Tuchukue mfano wa mtu anayeandika: "Jedwali langu limeharibika, rekebisheni." Malalamiko yake ni ya kweli, lakini hakuna anayeweza kuyafanyia kazi. Ripoti nzuri humwezesha mtu asiyekufahamu, aliye mbali, kuiona kasoro ileile kwenye kompyuta yake. Kwa mfano:

1. Fungua hati mpya na uweke jedwali la safu wima tatu.
2. Punguza upana wa safu ya kwanza.
3. Hifadhi kwa muundo wa docx, funga, kisha fungua tena.

Baada ya hatua hizo, eleza ulichotarajia: upana ubaki ulivyouweka. Kisha eleza kilichotokea: safu zote zimerudi kuwa sawa. Ongeza namba ya toleo na mfumo endeshi wa kompyuta. Taarifa hizo zinapatikana kwenye menyu ya Msaada, mahali panapoeleza kuhusu LibreOffice.

Kabla ya kutuma, hakikisha kasoro si ya mipangilio yako binafsi. Menyu hiyohiyo ina njia ya kuwasha programu upya katika hali salama. Tatizo likitoweka huko, huenda chanzo ni mipangilio au kiongezi ulichoweka. Kama zamani kazi hiyo ilifanyika bila shida, taja toleo lililofanya kazi. Matoleo ya nyuma yamehifadhiwa na yanaweza kupakuliwa, na kujua kasoro ilipoingilia huwapunguzia sana watengenezaji kazi ya kuitafuta.

Ripoti za LibreOffice hupelekwa katika mfumo wa Bugzilla. Tafuta kwanza kama kasoro hiyo imeshaandikwa. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chepesi kinatosha iwapo hatua zimepangwa vizuri. Kila ripoti ibebe kasoro moja tu.

Tahadhari mbili

Faili unaloambatisha kwenye ripoti huonekana na watu wote. Usiambatishe orodha ya wagonjwa, alama za wanafunzi wala mishahara. Tengeneza faili dogo lenye majina ya kubuni ambalo bado linaonyesha kasoro.

Aidha, ukigundua kasoro inayoweza kumsaidia mhalifu kuingia katika kompyuta za watu, usiitangaze hadharani. Miradi mikubwa ina anwani ya faragha ya kupokea taarifa za usalama.

Anza na ripoti ya mwenzako

Ripoti mpya husubiri mtu mwingine aithibitishe. Kwa anayeanza, hapo ni mahali pazuri pa kujifunzia. Chagua ripoti moja ambayo haijathibitishwa, fuata hatua zake, kisha andika kama umeiona kasoro hiyo au la, na kwa toleo lipi. Hata jibu la "kwangu haikutokea" lina thamani likiwa na maelezo kamili.

Si kila ripoti hurekebishwa upesi, kwani wanaorekebisha nao ni wachache na wengine pia wanajitolea. Ukiulizwa swali, jibu. Ripoti ambayo mwenyewe ameitelekeza mara nyingi hufungwa kasoro ikiwa bado ipo.