Tolpuddle: Kijiji cha Vibarua Sita

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi mlioko madarasani leo: wengi wetu tulikua tukidhani kwamba Mwingereza wa zamani alikuwa bwana tu, na ya kuwa mnyonge alipatikana ng'ambo, katika makoloni yake. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofika Tolpuddle.

Tolpuddle ni kijiji kidogo katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Kutoka London unapanda gari moshi hadi mji wa Dorchester, kisha unakwenda kwa barabara kiasi cha kilomita 12 upande wa mashariki. Mashamba yake yanapendeza: vilima vya kijani, kondoo wakila majani, na mto mdogo uitwao Piddle ukipita bondeni. Kijijini mna kanisa la mawe na nyumba za kale zilizoezekwa kwa mabua. Mgeni atasema hapa ni mahali pa amani tangu zamani. Lakini penye kiwanja cha kijiji umesimama mti mkubwa uliokwisha pita miaka 300, na chini yake, kama wasimuliavyo wenyeji, vibarua wa mashamba walikuwa wakikutana kuzungumza habari za ujira wao.

Walikuwa na sababu. Ardhi ilikuwa mikononi mwa makabaila wachache, na kibarua hakuwa na chake ila mikono yake. Ujira ulikuwa shilingi 9 kwa juma, ukashushwa hadi 8, kisha 7, na wakaambiwa utakuwa 6. Mwaka 1833 George Loveless, kibarua aliyekuwa pia mhubiri wa Kimethodisti, aliwaongoza wenzake kuunda chama. Hawakuchoma ghala la mtu wala kuvunja mashine, kama vibarua wengi wa kusini walivyofanya mwaka 1830. Walikutana nyumbani kwa Thomas Standfield, na kila aliyejiunga alifungwa kitambaa machoni, akaapishwa kutotoa siri ya chama.

Hapa naomba tutulie kidogo, hasa sisi tunaofanya kazi maofisini. Kuunda chama cha wafanyakazi hakukuwa kosa, kwani sheria zilizokataza vyama hivyo zilikwisha futwa mwaka 1824. Basi James Frampton, hakimu na mwenye ardhi wa jirani, alimwandikia barua Lord Melbourne, Waziri wa Mambo ya Ndani. Akaelekezwa kwenye sheria ya mwaka 1797 juu ya viapo haramu, iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia wa jeshi. Sheria ya manowari ikaletwa shambani!

Tarehe 24 Februari 1834 walikamatwa watu sita: George Loveless na mdogo wake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Hammett na James Brine. Mwezi Machi mahakama ya Dorchester iliwahukumu kupelekwa Australia kwa miaka 7. Wake zao walipoomba msaada waliopewa maskini, walinyimwa.

Chumba kile cha mahakama kimehifadhiwa, nami niliingia nikasimama kizimbani. Kilichonitia baridi ni jinsi mambo yote yalivyofuata utaratibu. Barua iliandikwa, ikajibiwa. Kifungu kikatajwa, shahidi akaletwa, hukumu ikasomwa. Hakuna hatua iliyorukwa, ila haki yenyewe.

Wafanyakazi wa nchi ile hawakunyamaza. Tarehe 21 Aprili 1834 maelfu waliandamana London kupeleka ombi lao, na Melbourne akakataa kulipokea siku ile. Waliendelea kudai. Machi 1836 wote sita wakasamehewa, wakarejea makwao kati ya mwaka 1837 na 1839. Watano walihamia Kanada baadaye. Hammett peke yake ndiye aliyebaki. Alifariki mwaka 1891 katika nyumba ya maskini ya Dorchester, na kaburi lake liko penye kanisa la Tolpuddle. Mwaka 1934 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilijenga hapo nyumba sita za ukumbusho, kila moja ikiwa na jina la mmoja wao.

Historia haikumwadhibu waziri yule. Mwaka 1837, Loveless alipokuwa akirudi kwao kutoka Australia, mji mpya wa huko ulipewa jina la Melbourne, na leo ni jiji kubwa. Kwa hiyo sitawaambia kwamba dhalimu daima huaibika. Nawaambia hili tu: wengi wetu tumetoka shule yetu tukakalia viti vya ofisi, nanyi vijana mtatufuata. Siku moja litaletwa mezani kwako jalada la mtu ambaye hakuvunja sheria, nawe utaombwa umtafutie sheria ya kumfunga. Barua itakuwa na muhuri, na maneno yake yatakuwa ya adabu. Siku hiyo ukumbuke sheria ya manowari iliyoletwa shambani, kisha ulirudishe jalada lile kwa aliyelileta.