Unameza Tembe za Madini Juu ya Magoti? Mse wa Nax, Cheki Kwanza Maji ya Mfereji

Kama unaishi Nax Vegas ama hapo karibu, Njoro, Gilgil, Rongai hadi Naivasha, hizi tembe umeshawahi kuuziwa. Uko ndani ya mat ikingoja kujaa, jamaa anaingia na kabegi, anasalimia abiria kwa jina la Bwana, halafu anauliza nani hapa ana mzazi anayelia magoti usiku. Chupa ina picha ya goti jekundu linalowaka. Nyuma kuna orodha ndefu: kalsiamu, magnesiamu, zinki, boroni, seleniamu. Unamfikiria mathe wako ushago, unatoa doh.

Si ati tembe zote ni feki, la. Lakini madini ni dawa yenye kipimo, yakizidi yanakugeukia. Na sisi watu wa Bonde la Ufa tuna kesi yetu ya kipekee, juu kuna aina moja ya madini ambayo pengine unayo mwilini kuliko watu wengi duniani, na hujawahi kuinunua kwa chemist. Inaitwa floraidi. Inakuja na maji.

Cheki vile inafika kwako. Ardhi yetu ni ya volkano, Menengai iko hapo juu tu inatuangalia. Maji ya chini ya ardhi yanakaa kwenye hayo mawe miaka na miaka, yanayeyusha floraidi, halafu borehole inayavuta juu hadi kwa jerikeni yako. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kiwango cha Kenya ni hicho hicho. Visima vingi vya huku vinapita hapo, vingine mara kadhaa. Ziwa Nakuru lenyewe, lile la flamingo, limewahi kupimwa miligramu 2,800 kwa lita, kati ya viwango vya juu kabisa vilivyorekodiwa kwenye maji asilia popote. Hakuna mtu anakunywa hayo, sawa, lakini yanakuonyesha udongo wetu umebeba nini.

Meno ya kahawia unayajua. Umechekwa Nairobi ukifungua mdomo, mtu akakuambia, "Wewe ni wa Nakuru." Hiyo si uchafu na kupiga mswaki mara tano hakutaitoa. Ni floraidi iliyoingia kwenye jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, ukiwa mtoto, hadi karibu miaka minane. Ukiwa umehamia hapa ukiwa mtu mzima, meno yako yatabaki vile yalivyokuja.

Mifupa ndiyo haina huo msamaha. Floraidi nyingi inayobaki mwilini inajificha kwenye mfupa, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. WHO inasema mifupa inaweza kuanza kuonyesha dalili pale maji yana miligramu 3 hadi 6 kwa lita, na yakipita 10 kwa muda mrefu mtu anaweza kulemaa. Dalili za mwanzo? Viungo kuuma. Mgongo kukaza asubuhi. Shingo kukataa kugeuka vizuri. Kano zinazoshika mifupa zinaanza kuwa ngumu kama mfupa wenyewe. Yaani inafanana kabisa na ile "arthritis" ambayo yule jamaa wa mat anauza dawa yake. Mzae anaweza kumeza tembe miaka mitano na bado anakunywa chanzo cha shida kila siku kwa kikombe. Eksirei ndiyo husaidia daktari kutofautisha, kwa hivyo ukimpeleka hosi mwambie pia amekunywa maji ya wapi maisha yake yote. Si kila daktari atakuuliza.

Piga hesabu kidogo. Tuseme kisima cha plot yenu kina miligramu 4 kwa lita. Ukinywa lita tatu kwa siku, ukihesabu chai, uji na supu, hizo ni miligramu 12. Kikomo ambacho wataalamu wa Marekani waliweka kwa mtu mzima ni 10 kwa siku. Umekipita na hujagusa tembe yoyote. Sasa ongeza magadi ya kulainisha githeri na mboga, ambayo mara nyingi huwa na floraidi yake. Ongeza majani ya chai. Mmea wa chai unafyonza floraidi kutoka kwa udongo, na mwaka wa 2013 madaktari wa Michigan walimwandika kwenye jarida mama wa miaka 47 aliyeumwa mgongo na mifupa hadi wakadhani ni saratani. Kumbe alikuwa anatengeneza chai kwa majani ya paketi 100 hadi 150 kila siku, miaka 17. Wewe hufiki huko, lakini strungi ya kukolea inayochemshwa na maji ya borehole si kitu cha kuchezea.

Na usidhani ni hekaya za mtaa. Floraidi imewahi kupewa watu kama dawa ya mifupa. Mwaka wa 1990 matokeo ya utafiti wa kliniki ya Mayo, Marekani, yalichapishwa: wamama 202 waliokuwa na mifupa dhaifu, nusu wakipewa floraidi ya sodiamu miligramu 75 kwa siku kwa miaka minne. Mifupa yao ya mgongo ilionekana mizito zaidi kwa vipimo. Lakini kuvunjika kwa uti wa mgongo hakukupungua kwa maana yoyote, mifupa mingine ikavunjika zaidi, na wengi wakalalamika miguu inauma. Mfupa ulikuwa mnene na bado mbovu. Kwa hivyo tembe ikiwa na "fluoride" kwa orodha, mtu wa huku irudishe tu kwa shelfu.

Hizo zingine sasa.

Kalsiamu ndiyo maarufu. Inasaidia mfupa kama chakula chako hakina ya kutosha, lakini ushahidi kwamba inaondoa maumivu ya goti lililochakaa haupo. Ikizidi inafunga tumbo, inajaza gesi, na inaweza kuleta mawe kwenye figo. Kikomo cha mtu mzima hadi miaka 50 ni miligramu 2,500 kwa siku, chakula na tembe pamoja, na baada ya hapo 2,000. Omena ukitafuna na mifupa yake, maziwa mala na sukuma zitakufikisha mbali bila chupa ya maelfu.

Magnesiamu kupitia tembe, miligramu 350 kwa siku, ukipita tumbo linaendesha na utajua wewe mwenyewe. Kwa mtu mwenye figo mbovu haishii kwa choo, inaweza kushusha presha na kuvuruga moyo. Zinki inaonekana mpole, lakini ukimeza zaidi ya miligramu 40 kwa siku kwa miezi inafukuza shaba mwilini, na hapo unaanza kukosa damu, miguu inakufa ganzi, unatembea kama umelewa. Seleniamu ikizidi, nywele zinaanguka na kucha zinavunjika. Glukosamini si madini, ingawa huwekwa chupa moja nayo. Utafiti mkubwa wa 2006 wa watu 1,583 wenye magoti mabovu haukuona ikishinda tembe tupu kwa ujumla. Nyingi hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, kwa hivyo mwenye mzio achunge, na anayetumia warfarin aongee na daktari kwanza, juu inaweza kuzidisha kuvuja damu.

Hapa kwa dawa zingine ndipo watu wengi huteleza. Kalsiamu, magnesiamu, zinki na chuma hushikana na dawa tumboni na kuzuia zisiingie mwilini. Doxycycline na ciprofloxacin ni mfano, pia dawa ya tezi ya shingo. Muhimu zaidi, dolutegravir, iliyo ndani ya ARV ambazo watu wengi Kenya wanatumia. Ukimeza na kalsiamu tumbo likiwa tupu, dawa inapungua nguvu na virusi vinapata mwanya. Njia salama: meza ARV masaa mawili kabla ya kalsiamu ama chuma, ama masaa sita baadaye. Ukitaka kuzimeza pamoja, iwe na chakula. Kama unamnunulia shosho tembe na hujui anatumia dawa gani, uliza. Akikataa kukwambia, mwambie aulize kliniki mwenyewe, si lazima wewe ujue.

Halafu kuna ile tembe inayofanya kazi haraka sana. Siku mbili, goti limepoa, mzae anacheza mugithi. Hakuna madini yanafanya hivyo. Mwaka wa 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipima bidhaa za viungo zilizouzwa kwa jina la Artri King na kukuta ndani diclofenac na dexamethasone, bila kuandikwa popote kwa chupa. Diclofenac inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Dexamethasone inapandisha sukari na presha, na ukishaizoea ukaacha ghafla unaweza kuanguka. Kama mtu wenu amemeza kitu cha aina hiyo kwa wiki kadhaa, asikikate siku moja, mpeleke hosi na chupa yenyewe. Uso kuvimba kama mwezi ni alama mbaya.

Kuhusu maji: kuchemsha hakutoi floraidi. Yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki pale pale, imekolea zaidi. Watergadi pia hairekebishi hilo, inaua vijidudu tu. Kinachofanya kazi huku ni mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa, ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kuitumia kuchuja maji mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiyo mifupa hushiba baada ya muda, lazima ibadilishwe. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, kwa hivyo kama mko na mabati safi na tanki, ya mvua yawe ya kunywa na ya watoto wadogo, ya borehole yafue nguo. Na kabla ya kununua chochote pima maji ya plot. Sampuli ya floraidi ipelekwe maabara kwa chupa safi ya plastiki, si ya glasi, juu floraidi hushambulia glasi na majibu yanaweza kukudanganya.