Mkutano wa Saa Nne Asubuhi

Ukipita raundiabauti ya Nyayo Stadium saa mbili asubuhi, utawaona wale korongo wenye kipara, marabu, wamejazana kwenye migunga kama wazee wanaosubiri baraza lianze. Hawaruki. Wengi wetu hudhani ni uvivu, au ni shibe ya takataka za jana. Kumbe wanangoja lami na mabati yapate moto, hewa ya chini ianze kupanda. Ikikaribia saa nne mmoja anajitupa, anatandaza mabawa yenye upana wa karibu mita tatu, anaanza kuzunguka, na anapanda bila hata kuyapiga. Wenzake wanamwona, kisha wanamfuata.

Nilianza kuwaangalia kwa makini mwaka 2020, wakati wa kafyu. Nilikuwa na bedsita, bando ya usiku na usingizi uliogoma. YouTube ikanipeleka, sijui kwa nini, kwenye mashindano ya glaida, zile ndege zisizo na injini. Zinavutwa hadi juu, kamba inaachiliwa, na kuanzia hapo rubani anaishi kama marabu: anatafuta hewa moto inayopanda, anazunguka ndani yake mpaka juu, kisha anateleza kwenda kutafuta nyingine. Anaweza kumaliza kilomita 500 hivyo.

Lakini kilichonishika zaidi ni mkutano wa marubani wa kila asubuhi, ambao kwa kawaida hufanyika hemani au ndani ya hanga, mara nyingi kama saa nne. Mtaalamu wa hali ya hewa anaeleza mawingu yataanza saa ngapi na yatakuwa kwa kimo gani. Mkurugenzi wa mashindano anatangaza njia ya siku: uondokee hapa, uzunguke kituo hiki na kile, urudi. Wanaambiwa mpangilio wa kuvutwa, maeneo ya anga yasiyoruhusiwa, masafa ya redio. Mshindi wa jana anapigiwa makofi na kuulizwa alipita wapi. Halafu inakuja habari ya usalama, na hapo kelele zinapungua.

Mwaka huo wa korona mashindano mengi yalifutwa, na baadhi ya yale yaliyofanyika yalihamishia mkutano huu kwenye skrini. Hapo ndipo mtu kama mimi, ambaye hajawahi hata kugusa glaida, akapata kiti. Na tangu hapo swali halijaisha: kama kila kitu kinaweza kutumwa kwenye simu, kwa nini watu wazima waendelee kukusanyika hemani kila asubuhi?

Kujibu, hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1920, kwenye mlima wa Wasserkuppe katika milima ya Rhön nchini Ujerumani, vijana walikusanyika na glaida walizojitengenezea. Mkataba wa Versailles ulikuwa umeibana nchi yao kwenye ndege za injini, kwa hiyo walitafuta njia ya kuruka bila injini. Mwaka huo Wolfgang Klemperer aliruka kilomita 1.8 hivi kwa dakika mbili na kitu, na huo ukawa ushindi mkubwa. Mwaka huohuo Eugen von Loessl alianguka akafa. Umbali ulikuwa mfupi kuliko kutembea kutoka Kencom hadi Ngara na kurudi, lakini tayari mchezo ulikuwa na kaburi.

Siku hizo habari za anga zilikuwa pale pale mlimani. Ulisimama, ukahisi upepo usoni, ukaamua. Mambo yalibadilika pale umbali ulipoongezeka. Mwaka 1926 Max Kegel alinyonywa na wingu la radi, akarushwa juu bila kupenda, na akaja kutua kilomita 55 kutoka alikoanzia. Wenzake wakambandika jina la utani la radi. Tunacheka leo, lakini fikiria uko ndani ya mbao na kitambaa, huoni kitu, na wingu ndilo linaloshika usukani. Baada ya hapo hakuna mwenye akili angeondoka bila kuuliza alasiri itakuwaje.

Wa kuulizwa alikuwepo. Walter Georgii, mwanasayansi wa hali ya hewa, alifanya kazi Wasserkuppe miaka hiyo na alizungumza na marubani moja kwa moja. Mwaka 1928 Robert Kronfeld alionyesha kwamba inawezekana kusafiri kwa kupanda chini ya mawingu meupe ya kawaida, bila kushikamana na upepo wa mteremko, jambo ambalo Georgii alilihimiza. Mimi naona mizizi ya mkutano wa asubuhi hapo: mwenye kusoma anga na mwenye kuingia angani wanaketi pamoja. Na maneno yalikwenda pande zote mbili, kwa sababu rubani aliyerudi jioni alikuwa na habari ambazo hakuna chombo kingempa Georgii.

Kisha 1948, Samedan, Uswisi, mashindano ya dunia ya kwanza baada ya vita. Marubani walitoka nchi mbalimbali na wengi hawakuijua milima ya Alps. Waingereza wawili, Donald Greig na Kit Nicholson, walikufa. Glaida ya Greig iligonga waya uliovuka bonde. Mwenyeji wa bonde huujua waya kama wewe unavyoijua bampu isiyopakwa rangi mtaani kwenu. Mgeni hana habari. Sisemi mkutano ungewaokoa. Nasema tangu mashindano yalipoanza kuita wageni, maswali ya asubuhi yaliongezeka: milimani kuna nini, nani analijua bonde hili, na mgeni amemuuliza mwenyeji?

Miongo iliyofuata ilikuwa ya ubao, chaki na ramani za karatasi. Rubani alipiga picha vituo vya njia kwa kamera kuthibitisha kwamba alifika, na akiishiwa na hewa alitua kwenye shamba la mtu, akatafuta simu, akangoja wenzake waje na trela. Miaka ya 1990 GPS ikaziondoa kamera. Mwaka 2004 kikaja kifaa cha Uswisi kiitwacho FLARM, kinachomwonya rubani glaida nyingine ikimkaribia. Matokeo yakahamia mtandaoni, utabiri ukaingia kwenye simu. Kipande kimoja baada ya kingine, kazi za hema zikahamishwa. Korona ilimalizia safari iliyokuwa imeanza kitambo.

Na wanaotaka mkutano ubaki mtandaoni wana hoja. Rubani aliyetua shambani jana, akafika kitandani saa nane usiku, anahitaji usingizi kuliko kiti cha plastiki. Mgeni asiyesikia vizuri lugha ya mkurugenzi anaweza kurudisha video nyuma. Ramani kwenye skrini yako inaonekana kuliko ile iliyo mita ishirini mbele, nyuma ya kofia ya mtu. Isitoshe, mbingu haingoji: njia ya siku hubadilishwa hata glaida zikiwa tayari zimepangwa uwanjani, na mabadiliko hayo ni lazima yatumwe. Na bila mtandao mimi ningekuwa wapi? Nina deni kwa hiyo skrini.

Lakini nilijifunza jambo moja mwaka huohuo, na si kwa marubani. Nyanya yangu alizikwa Juni 2020. Nairobi ilikuwa imefungwa, na walioruhusiwa mazishini walikuwa watu 15. Niliketi kitandani, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, nikafuata kila kitu: nyimbo, hotuba, hata tangazo la gari lililoziba njia. Jioni mama mdogo akanipigia. Nikamwambia mchungaji aliongea vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani ulikuwa unatazama, mwanangu?" Nilikuwa nimewaona wote, lakini hakuna hata mmoja aliyeniona. Kama ningekuwa nimezimia pale kitandani, mazishi yangeendelea.

Sasa chukua hilo ulipeleke angani. Siku ya mashindano, glaida nyingi zinaweza kuzunguka kwenye hewa moto moja. Aliyetangulia ndiye huamua upande, na wote wanaofuata wanazunguka upande huo. Ni kama raundiabauti ya Nyayo, ila imepandishwa ghorofa thelathini, haina polisi wa trafiki, na anayekosea hapati nafasi ya kuteremka kutoa matusi. Glaida zimewahi kugongana hivyo, na watu wamekufa. FLARM inakuambia kuna ndege karibu. Haikuambii kwamba anayeiendesha hajalala, kwamba jana alikatiza watu na bado ana hasira, au kwamba ni mgeni anayeogopa kuuliza.

Hemani mambo hayo yanaonekana. Mkurugenzi akitaja kwamba jana glaida mbili zilikaribiana mno, hahitaji kutaja majina: shingo zinageuka. Mwenye macho mekundu anaonekana na rafiki yake, ambaye anaweza kumwambia, "Leo pumzika, bwana." Mgeni anayeona aibu kuandika swali mbele ya watu wote mtandaoni atamshika mtu mkono wakitoka na kumnong'oneza. Mtandaoni mkurugenzi anaona orodha ya majina, na wewe na mimi tunajua jina kwenye skrini linamaanisha nini. Tumehudhuria madarasa mangapi kamera imezimwa, tukipika chapati?

Kwa hiyo kama ningeulizwa, na hakuna aliyeniuliza, ningegawa mambo mawili. Ramani, masafa, utabiri na matokeo yaende kwenye simu mapema, kila mtu asome akinywa chai. Hema libaki na dakika kumi na tano: usalama, yaliyotokea jana, maswali, na kila rubani aonekane na wenzake kabla ya kukutana nao juu. Wanaotaka kutazama kwa mbali tuwekewe kamera pembeni. Sisi ni watazamaji, na hatutaruka.

Miaka ya 1970 mwanzoni, Colin Pennycuick, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa akirusha glaida yenye injini ndogo Serengeti ili kujua tai na korongo wanasafiri vipi. Hakuweza kulijua hilo akiwa ofisini. Ilimbidi apande kwenye hewa ileile, azunguke nao, awaone wanavyofanya.

Bado natazama mikutano inayorushwa. Nimeona jambo ambalo halibadiliki: mkurugenzi anamaliza, anasema haya, tukutane uwanjani. Viti vinasukumwa, watu wanasimama, wanaanza kugeukiana na kuongea wawili wawili, mikono ikichora mizunguko hewani. Nasogeza sikio karibu na simu ili nisikie. Na hapo hapo, kila mara, matangazo yanakatwa.